Gari Niliyoipandisha Kupita Kiasi

Dorkasi mwanangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi nimekaa hapa mezani na kalamu tangu saa nane ya mchana. Habari ya kuchemsha maji, ya kufua, ya kula kabla ya kwenda kazini, sitaiandika. Una miaka ishirini na minne, umesomea kutibu ng'ombe, na kesho unaondoka Bunia kwenda kuanza kazi upande wa Ariwara. Hayo madogo unayajua kunishinda. Ninataka kukuandikia habari ya gari, na ya siku moja ambayo ulikuwepo lakini ulikuwa mdogo sana kuielewa.

Wiki tatu zilizopita tuligombana juu ya hii gari ninayokupa. Ulikuja na simu yako, ukanionyesha picha za magari ya wenzako wa kazi, yamenyanyuliwa juu hata mtu anahitaji kigoda kupanda.

"Mama, njia ya kule iko na mashimo ya kumeza ndama. Tupandishe gari vidole vinne, tuweke na magurudumu makubwa."

"Vidole viwili," nikasema. "Ao gari inabaki hapa."

"Kwa nini viwili?"

"Kwa sababu nimesema."

"Weye unaogopa tu, mama. Uoga wako njo utanikwamisha siku moja katikati ya pori."

Niliondoka mezani, nawe ukadhani nimekasirika kwa neno lako. Sikukasirika. Nilienda nyuma ya nyumba kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Ningekujibu swali lako la kwa nini, ningelazimika kukuambia mambo ambayo sikumwambia hata marehemu baba yako, na amekufa bila kuyajua.

Sasa soma polepole.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa ninafanya biashara ya samaki wa Kasenyi, kule chini ziwani, na baba yako alikuwa ameniachia gari yetu ya kwanza, kwa sababu yeye alikuwa mwalimu na shule ilikuwa karibu na nyumba. Wanawake waliokuwa wanashika volani, usukani wa gari, mjini wakati ule tulikuwa wa kuhesabika. Baba zako wadogo hawakupenda. Kila siku walikuwa na neno: mke wa kaka yetu anatafuta nini barabarani? Ataua mtu. Mimi nilikuwa ninacheka mbele yao, na usiku ninakaza meno. Gari ile ile ilikupeleka shule, ilinipeleka soko, ilishuka ziwani mara mbili kwa juma na kurudi imejaa samaki.

Siku moja ya mvua nilikwama kwenye matope, samaki wakaanza kuoza nyuma yangu, na gari refu la tajiri mmoja likanipita pembeni. Mwenyewe alishusha kioo akasema, "Mama, njia hii si ya gari za chini." Akacheka, akaenda. Dorkasi, nilibeba kicheko kile mpaka Bunia. Kesho yake asubuhi nilikuwa garajini kwa Janvier.

Janvier alikuwa fundi wetu. Mtu mwembamba, maneno machache, mikono ya kusikiliza. Nikamwambia anipandishie gari.

"Unabeba nini kila siku, mama?"

"Unajua. Samaki. Mutoto wa shule."

"Na unapita wapi?"

"Janvier, weye fundi ao polisi?"

Hakucheka. Alilala chini ya gari, akakaa huko kwa muda, akatoka na kusema vidole viwili vinatosha. Resori, zile springi za chini, ngumu kidogo na ndefu kidogo, amortisere za kulingana nazo ili gari isirukeruke, basi. Gari itapita juu ya mawe yaliyokuwa yanaikwaruza tumbo, na barabarani itabaki ile ile ninayoijua. Ukizidisha hapo, alisema, kila kitu cha chini kinavutwa: vyuma vinavyozungusha magurudumu vinapinda vibaya na vinachoka haraka, gari inalala kwenye kona, na tuyo za freni, ile mipira midogo inayopeleka mafuta ya breki kwenye kila gurudumu, zinakuwa fupi.

"Ninataka vinne," nikasema. Nilikuwa bado nasikia kile kicheko.

"Kwa vinne ninahitaji tuyo ndefu. Zinatoka Uganda. Ungoje siku kumi."

Siku kumi sikuwa nazo. Jumamosi ile tulikuwa tunampeleka shangazi yako Lotsove Kasenyi, kuonana na familia ya mchumba wake. Yeye ni dada wa mwisho wa baba yako, alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kitenge chake cha siku ile kilikuwa kimeshonwa mwezi mmoja kabla. Nilitaka tufike pale tukiwa juu. Nilitaka wanaume wa Kasenyi waone.

Nikamwambia Janvier aweke vipande vya chuma juu ya resori, afike vidole vinne, na tuyo ziache zile zile. Alikataa. Nikamwambia kama hataki nitaenda kwa fundi mwingine, na nitachukua na wateja wengine niliomletea. Halafu akafanya. Aliponirudishia funguo alishika mlango wa gari, akasema maneno haya, nami nayakumbuka kama sala:

"Mama Dorkasi, endesha hapa mjini tu. Usishuke mulima na hii. Gurudumu ikiingia katika shimo, tuyo itakatika. Nimekuambia."

"Umeniambia," nikajibu. Hatukuwa na mtu mwingine pale.

Jumamosi tukashuka mulima.

Wewe ulikuwa mbele, umepakatwa na shangazi yako, mnaimba. Kwenye kona za kwanza nilisikia gari inalala upande, inachelewa kusimama tena, kama mtu aliyelewa. Nikajiambia nitazoea. Chini kidogo mvua ilikuwa imechimba mfereji katikati ya njia. Gurudumu la mbele liliingia humo, likaning'inia, nikasikia mlio mdogo, tak, kama kamba ya nguo imekatika. Nikakanyaga freni. Pedali ilienda mpaka chini kama ninakanyaga unga.

Sikupiga kelele. Nilirudisha gia kwenye vitesi ya pili, nikavuta freni ya mkono, na gari ikaendelea kushuka. Upande wa kulia kulikuwa na bonde, ziwa linaonekana chini kabisa. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa udongo wa mulima. Nikachagua ukuta. Magurudumu ya kushoto yakaupanda, na gari, kwa ule urefu wake wote niliouomba, ikaanguka kwa upande wa kulia. Upande wa shangazi yako.

Wewe hukupata hata mkwaruzo. Unajua kwa nini? Wakati gari inaanguka, Lotsove alikuwa na mikono miwili, na angeweza kuitumia kujivuta kutoka mlangoni. Yote miwili aliitumia kukunyanyua juu. Nilikutoa kwenye mikono yake kupitia dirisha langu. Yeye mguu wake ulikuwa chini ya mlango, juu ya jiwe, na ukingo wa bonde ulikuwa hatua mbili kutoka pale. Watu walitoka mashambani, wakanyanyua gari kwa mabega. Kitenge chake sikitaji.

Hospitalini baba yako alifika na ndugu zake watatu. Hakuniuliza kama nilikuwa ninaenda mbio. Aliuliza: "Nani alitengeneza hii gari?"

Nikajibu, "Ni Janvier."

Ilikuwa kweli. Neno lililofuata nilikuwa nalo mdomoni, Dorkasi, lilikuwa limefika kwenye meno. Nikatazama nyuso za baba zako wadogo, nikasikia yale yote waliyokuwa wanasema juu ya mwanamke na volani, nikalimeza. Nilifikiri nitamwambia baba yako kesho, tukiwa wawili. Kesho ilipofika, ndugu zake walikuwa wameshafika garajini, wamevunja meza yake, wamemtoa nje mbele ya watu. Jioni ile mji wote ulijua kwamba Janvier ni fundi anayeua watu. Na fundi Bunia hana kitu kingine ila jina.

Alikuja hospitalini hata hivyo. Alikuja na sukari na mkate, akasimama karibu na kitanda cha Lotsove. Lotsove alimtemea mate usoni. Janvier alijipangusa na mkono wa shati, akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili wa kitanda. Alinitazama tu. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema. Nikainamia shuka, nikaanza kuikunja.

Alihama mtaa. Nilisikia anatengeneza pikipiki na mashini za kusaga upande ule wa soko, kwa watu wasiomjua. Mchumba wa Lotsove na familia yake walinyamaza, mwezi wa kwanza, wa pili, halafu tukasikia ameoa kwingine. Shangazi yako unamjua na mkongojo wake, mguu ule haukupona. Umekua ukidhani alizaliwa na sauti ile ya chini.

Miaka kumi na minane.

Ulipopata kazi na kuniomba gari, nilizunguka garaji mbili za mjini. Zote mbili walinijibu haraka: vidole vinne, mama, itapendeza sana. Hakuna aliyeuliza nani ataendesha, atabeba nini, atapita wapi. Usiku ule sikulala, nikikuona kwenye njia ya Djugu, na barabara ile unaijua, kuna mahali mtu hapaswi kusimama kwa sababu ya wenye silaha, kuna mahali gari inabidi itii mara moja. Asubuhi nilienda kumtafuta Janvier.

Nilimkuta ameinama juu ya mota ya mashini ya kusaga. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Mama Dorkasi."

"Muzee Janvier. Ninaleta gari. Mutoto anaenda nayo Ariwara, kila siku atakuwa anazunguka nayo kwa wafugaji."

"Mafundi wamejaa katika Bunia. Weye unakuja kwangu kwa nini?"

"Kwa sababu weye peke yako uliniambia ukweli."

Aliendelea kufunga bolti za ile mota mpaka ikaisha. Halafu akaja, akalala chini ya gari, na sauti yake ikatoka huko chini: "Atabeba nini?" Nikamwambia: sanduku la barafu la chanjo, dawa, kamba, pengine mtu mmoja. "Mizigo kila siku, ao mara moja moja?" Kila siku, lakini si mizito. "Basi siye tunaweka vidole viwili. Hata kimoja na nusu ingetosha."

Amefanya kazi siku nne. Ameweka resori mpya na amortisere zake, amekataa kabisa vipande vya chuma. Magurudumu ameacha ya kipimo kile kile, yenye meno ya matope. Tuyo za freni alinionyesha mwenyewe: alinyanyua gari, akaacha gurudumu lining'inie mpaka mwisho wake, akanishika mkono akauweka juu ya tuyo. "Gusa. Iko inavutwa?" Haikuwa inavutwa, ilikuwa imelegea kama kamba yenye nafasi. "Njo vile," akasema. Magurudumu akayapima yaende sawa, na taa za mbele akazishusha ili usiwapofushe watu. Alisema ukishaendesha mwezi mmoja, mtafute fundi wa huko akaze bolti zote tena, kwa sababu resori mpya zinashuka kidogo zikizoea mzigo.

Jana ulipoijaribu ulirudi unacheka, ukasema inapita mashimo ya barabara ya uwanja wa ndege bila kugusa, na kwenye kona imetulia. Ukaniuliza nani amefanya kazi nzuri hivi. Nikasema, "Fundi mumoja kule sokoni." Umeona? Hata jana. Mdomo umezoea.

Nilimwomba Janvier msamaha siku alipomaliza. Alinawa mikono, akasema, "Mimi nilishakusamehe zamani, ili nipate usingizi. Lakini watoto wangu wamekua wanaitwa watoto wa muuaji. Msamaha wangu hauwezi kuondoa hiyo. Mdomo wako njo unaweza."

Leo asubuhi nilimwambia Lotsove. Tulikuwa tunachambua maharagwe ya chakula chako cha njiani. Nilisema yote, kama nilivyokuandikia wewe. Mikono yake ilisimama ndani ya sinia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Siku ile nilimutemea mate, ulikuwa umekaa pale?"

"Nilikuwa nimekaa pale."

Aliinuka, akachukua mkongojo wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Maharagwe nimemalizia peke yangu. Nimegonga mara mbili, hajibu. Ninasikia kitanda kinalia anapogeuka, basi ninajua yuko.

Ninaacha kuandika kidogo. Mlango wake umefunguka.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimerudi mezani.

Alisimama mlangoni amevaa nguo za kanisa. Akasema, "Nipeleke kwa Janvier." Nikafikiri kumwambia tungoje kesho kutwa, wewe ukiwa umeshaenda, mambo yametulia. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Nikaufunga, nikachukua funguo.

Njia nzima alikaa nyuma. Kwa Janvier kulikuwa na watu sita au saba wanangoja piki zao, na mke wake amekaa anauza mafuta ya kupaka minyororo. Lotsove alishuka peke yake, hakutaka mkono wangu. Alitembea mpaka mbele ya Janvier, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu alipokuwa msichana:

"Mimi njo nilikutemea mate. Nilikutemea kwa kosa la mutu mwingine. Ninakuja kukuomba msamaha mbele ya hawa wote."

Janvier alipangusa mikono kwenye suruali. Mke wake aliinuka kwenye kigoda, akaja, akamtazama Lotsove, halafu akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Yale macho ya hospitalini yalikuwa yananitazama tena, na hapakuwa na shuka ya kukunja.

Nikasema. Nilisema jina langu, nikasema mwaka ule niliomba vidole vinne, akanikataza, nikamlazimisha. Nikasema aliniambia nisishuke mulima, nikashuka, na Lotsove akapoteza mguu mzima na mchumba wake. Nikasema kila mtu aliyesikia kwamba Janvier ni fundi mbaya, aliisikia kwa sababu mimi nilinyamaza.

Mwanaume mmoja mwenye piki akasema, "Mama, basi ule mume huyu dada alimukosa, utamulipa na nini?" Mke wa Janvier alimletea Lotsove kile kigoda chake mwenyewe, akamkalisha, na yeye akabaki amesimama. Mimi hakuna aliyeniletea kiti, na ilikuwa haki.

Kurudi, Lotsove alikaa nyuma tena. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Usiniulize hiyo leo. Uniulize kama ninataka chai." Nikamuuliza. Akasema ndiyo. Sasa anakunywa jikoni, na mimi ninakuandikia.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi baba zako wadogo watakuja kukuombea safari, kama ilivyo desturi yetu. Nitasema kabla ya maombi, si baada, wakiwa wote wamekaa. Ni wao waliovunja meza ya mtu, wanapaswa kujua waliivunja kwa sababu ya nani. Ninajua watakachosema juu ya wanawake na volani. Waseme. Wewe utakuwa umesimama pale na funguo mkononi, na ninakuomba usione aibu kuendesha kwa sababu mama yako alikosa. Nilikosa kwa sababu sikumsikiliza aliyejua kazi yake, na kwa sababu nilimwacha abebe mzigo wangu. Ningekuwa mwanaume ningekosa vile vile.

Hii barua ninaiweka juu ya sanduku lako, ili usisikie mara ya kwanza katikati ya watu. Pengine utaisoma na kutoka nje bila kunisalimu. Pengine kesho utaondoka bila kunishika mkono. Sitakufuata nikilia barabarani, na gari bado ni yako. Lakini kabla ya kuwasha mota, nenda kwa shangazi yako. Usimwambie neno kubwa, neno kubwa atalikataa. Mwambie umejua ni mikono ya nani ilikutoa mlimani.

Na ukiwa na hasira nami, Dorkasi, una haki nayo, ibebe mpaka Ariwara kama unataka. Ila kwenye mteremko, mwanangu, ukasirike polepole.

Ni mimi, mama yako.